Mlango wa Mama na Mwalimu Aliyekatazwa Kujibu

3 Februari

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, walio hai na waliotutangulia, natangaza rasmi kwamba mdogo wako nimebadilishiwa cheo. Kuanzia Jumatatu iliyopita mimi si mwalimu tena. Ni mwezeshaji. Mshahara umebaki wa mwalimu, koti la kazi limebaki lile lenye tundu la kwapani, na ofisi ni ile ile stoo ya mbao ninayochangia na panya mmoja aliyenizidi miaka ya utumishi. Lakini cheo ni cheo. Ukiniandikia tena, bahasha ioneshe adabu.

Huku tu wazima. Wifi yako kikohozi kimemwacha, na pumzi yote aliyoiokoa anaitumia kunisema. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Mkubwa ameota ndevu tatu nne hivi, anazinyoa kila asubuhi kwa sherehe, na maji ya kunyolea nayachota mimi.

Cheo kimenijiaje? Mkuu wa chuo alikwenda semina. Watu wengine wakitoka safari huleta mkate, yeye huleta njia mpya ya kufundisha. Safari hii ameleta miradi. Wanafunzi hawatafundishwa kwanza ndipo wajaribiwe. Watapewa kazi ya kweli, ya mteja wa kweli mwenye shida ya kweli. Watamhoji, watapima, watabuni, watatengeneza, na mwisho kazi itakaguliwa mbele ya mteja mwenyewe. Mwalimu haruhusiwi kutoa jibu, anaruhusiwa kuuliza maswali tu. Dada, mimi unanijua. Nimelipwa maisha yangu yote kwa kutoa majibu, mengine hayakuwa hata na swali.

Na kile kigoda changu je? Kila darasa nililopata kulifundisha lilitengeneza kigoda kile kile cha miguu mitatu. Mtaa mzima umekalia alama zangu. Ukikaa kimoja kikakutikisa, ujue huyo nilimpitisha kwa huruma. Sasa Mkuu anasema kigoda kimestaafu.

Haya, tuje kwenye jambo lako, maana najua hapo juu umepitisha macho tu ukilitafuta. Ni kweli Mama alikwama ndani. Ni kweli mlango wa mbele uligoma, akagonga kwa mwiko mchana kutwa mpaka jirani, yule fundi viatu, aliposikia akaja kuufungua kwa nguvu. Si kweli kwamba nilijua nikapuuza. Mlango ule niliuranda mwaka jana, na mwaka juzi niliuranda. Mbao huvimba, dada, kama watu wa makamo.

Umesema usipopatikana mlango unaofanya kazi kabla ya likizo ya Juni utakuja na gari, umchukue Mama akaishi kwako moja kwa moja. Msimamo wangu unaujua: mtu mzima hang'olewi kama mche wa nyanya. Nyumba ni yake, majirani ni wake. Basi tumalize hivi. Nimepata fundi wa uhakika. Mlango mpya utakuwepo kabla ya Juni, na Mama atabaki kwake.

Mdogo wako,
Mwezeshaji


20 Februari

Kwako Msumari,

Jina lako la utotoni linatosha. Hilo la mwezeshaji sikuliandika kwenye bahasha, mtu wa posta angedhani ni kampuni.

Marahaba. Mimi mzima, cherehani mzima, goti la kulia linatabiri mvua isiyokuja. Msimu wa sare za shule umekwisha, sasa nashona marinda ya watoto wa matajiri ambao hawatulii kupimwa. Kitinda mimba wangu ametulia kwa mumewe. Ananipigia simu kuniuliza namna ya kupika vitu alivyovila hapa tangu azaliwe bila kuchungulia sufuria.

Mwambie wifi yangu asipunguze kukusema.

Sasa huyo fundi. Mtu akisema "fundi wa uhakika" asitaje jina wala mtaa, fundi huyo ama ni yeye mwenyewe ama hayupo. Kama ni wewe, tuache utani. Ule mlango umeuranda mpaka umebaki kama biskuti, na bado unakwama. Mimi nguo ikimbana mteja siendelei kuikata tu, namwangalia na mteja.

Chumba cha Mama nimeshakipaka rangi. Kitanda nimekiweka dirishani aone watu wakipita. Pazia nimelishona mara mbili, la kwanza lilikuwa na maua makubwa mno, nikaona atasema nimemlaza kwenye bango la duka. Kwa hiyo usinipe habari za miche ya nyanya. Mama hajawahi kusema hataki kuja. Kila nikimwuliza atakuja lini hujibu, "Nyumba nitamwachia nani?" Huo ni udhuru wa wazee, kila mzee anao.

Ninachotaka ni kimoja. Mlango uwe wa kufunguka na kufungwa kwa kidole. La sivyo, Juni nipo hapo na gari.

Na jibu kwa barua. Kwenye simu tunagombana kabla ya salamu kuisha.

Dadako


11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na hii isome ukiwa umekaa.

Huku salama, isipokuwa yule panya wa stoo amezaa, kwa hiyo ofisini nimekuwa upande wa wachache. Wifi yako amekushonea kitambaa cha meza. Nimemwambia kumshonea mshonaji ni kumpelekea maji mtu wa mtoni, akasema nikae kimya, mimi ni mwezeshaji.

Fundi si mmoja. Ni ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyehitimu.

Usiitupe barua kwanza. Mkuu alitaka kila darasa lipate mteja wa kweli mwenye shida ya kweli. Darasa la uashi limepata ukuta wa zahanati. Darasa la umeme limepata kanisa, ambalo sasa lina giza kuliko kabla. Mimi nikasimama kikaoni nikasema ninaye mteja, ni mjane, amekwama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkuu karibu atoe chozi. Sikusema ni mama yangu mpaka walipokwisha kupiga makofi.

Kiranja wa darasa ni dada mmoja aliyekuwa akisuka nywele kabla ya kuja kujifunza useremala. Wenzake wanamwita Msusi. Ana macho ya msusi kweli: akikutazama unajua anaona ulipokaa vibaya. Yeye ndiye aliyeongoza kumhoji Mama. Mimi nilitolewa nje. Mkuu alisema mteja akiwa mama wa mwezeshaji, mwezeshaji akae mbali, asije akamjibia. Nikakaa kwenye benchi la fundi viatu, natazama nyumba niliyozaliwa, namsikia Mama anacheka ndani. Anacheka, dada, mpaka anakohoa. Fundi viatu akaniuliza wanamwambia nini. Nikasema nadhani wanasimulia habari zangu.

Walipotoka nikawauliza wamezungumza nini, kisha hapo hapo nikaanza kuwaeleza mama yangu anahitaji nini. Msusi akanyoosha mkono. "Mwezeshaji, hilo ni swali au jibu?"

Ndilo neno lao sasa. Nikifungua kinywa mbele ya randa, wananiuliza hilo. Nikisogelea msumeno, hilo. Juzi nilisema leo kuna joto, mmoja akauliza ni swali au jibu. Nimenuna, nakwambia ukweli. Nikasema haya, fanyeni mnavyojua, mimi naenda stoo kunywa chai.

Lakini usihofu. Walishinda siku nzima pale kwa Mama na kamba, timazi ya kupimia wima na fito, wanapima mpaka ukuta. Nikawauliza, "Mmepima?" Wakajibu, "Tumepima." Nikaona kumbe uwezeshaji si kazi ngumu.

Wao wenyewe hawana mchezo. Mradi huu ndio alama yao ya mwaka wa mwisho. Mkaguzi atakuja mwezi wa tano, mlango utafungwa mbele yake, na ukikataa darasa zima linarudia mwaka. Kwa hiyo Mama yuko mikononi mwa watu wenye sababu ya kutokosea.

Mdogo wako


2 Aprili

Wewe Msumari,

Marahaba yako nimeiweka kabatini, utaichukua ukipata akili.

Mama yetu amekuwa somo? Nilikuachia mzee wetu, ukampeleka chuoni kama kipande cha mbao cha kujifunzia kupigia misumari? Na wewe fundi mzima, mwenye vyeti ukutani, unakwenda kunywa chai stoo na panya?

Nimempigia simu Mama. Nikamwambia huyu mwanao amekupa wanafunzi. Akasema ni watoto wazuri. Nikamwuliza mlango wenyewe anautakaje. Akasema, "Waulize wale watoto, wanajua." Umeona? Umemfunza na yeye kukwepa maswali.

Nikamwuliza tena habari ya kuja. Nyumba nitamwachia nani. Nikamwambia mwachie Msumari. Akacheka, akasema Msumari ana nyumba yake ya kumshinda. Hapo tulielewana.

Mengine ni mazuri. Naona siku hizi napika sana, sijui kwa nini, mkono haujazoea sufuria ndogo. Kinachobaki nampelekea mlinzi wa duka la pembeni. Ameanza kunenepa, mwenye duka amelalamika kwamba hakimbii tena.

Niandikie siku ya ukaguzi, na niandikie mlango umetokaje. Sitaki hotuba.

Dadako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Sote wazima.

Ukaguzi umefanyika jana. Mlango umefungwa, kwa kiasi. Kulikuwa na changamoto ndogo za kiufundi ambazo zinashughulikiwa. Mama hajambo, anakusalimu.

Mdogo wako


14 Mei

Msumari,

Mimi nimekulea. Ulipovunja chungu cha Mama ulikuwa mfupi wa maneno hivi hivi. Ukisema mengi najua mambo shwari, ukisema kidogo natafuta vipande.

"Kwa kiasi" ni nini? Mlango ama umefungwa ama haukufungwa. Na "changamoto za kiufundi" ni maneno ya Mkuu wako, yarudishe semina.

Gari nimeshakodi kwa wiki ya kwanza ya Juni. Ila nisikilize, nitakuambia kitu, na wewe uniambie chako.

Si mlango, mdogo wangu. Mlango ulinipa sababu tu. Tangu huyu mtoto aolewe nyumba imekuwa na sauti ya cherehani peke yake. Nikiisimamisha nasikia saa ya ukutani, na saa yenyewe iko kwa jirani. Chumba kile nilikipaka rangi kabla Mama hajakwama. Alipokwama nilisikitika, kisha nikafurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Ndiyo maana nikakuandikia kwa ukali.

Sasa nimesema. Zamu yako, na uwe mrefu.

Dada


27 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na ahsante. Barua yako nilimsomea wifi yako. Alinyamaza, kwake hilo ni tukio. Watoto wanauliza shangazi anafika siku gani, wamesikia habari za marinda ya matajiri na binti yetu ameshaanza kujipima kwa macho.

Nitakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Mengine yananiaibisha, lakini umetangulia, siwezi kubaki nyuma.

Ijumaa kabla ya ukaguzi, wanafunzi walikwenda uwanjani kucheza mpira. Mimi nikabaki karakana peke yangu na mlango wa Mama, umelazwa mezani umekamilika, bado vanishi tu ya kupakwa baada ya ukaguzi. Mlango mzuri, dada. Viungo vimekaa, huoni hata pa kupenyeza unywele. Nikaupapasa, nikajisemea moyoni wamejifunza kwangu. Kisha nikaweka skwea ya kupimia pembe mraba kwenye kona.

Haikukubali. Nikajaribu kona ya pili, hata hiyo haikukubali. Zote nne! Mlango ulikuwa umekwenda upande kama mtu anayechungulia dirishani. Jumatatu mkaguzi angeweka skwea yake pale pale nilipoweka yangu, na watu ishirini na wawili wangerudia mwaka. Na kama hiyo haikutosha, chuma cha kutilia kufuli walikuwa wamekifunga upande wa nje. Nje! Bibi aliyekwama ndani mchana mzima, unamwekea kufuli nje, afungiwe kama kuku?

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kwenda uwanjani, ni hatua chache tu, nikamwuliza Msusi, "Kwa nini?" Ndiyo kazi ninayolipwa. Badala yake nilishika msumeno, kisha randa. Nikaunyoosha mlango ule kona zote nne mpaka skwea ikatabasamu. Chuma cha kufuli nikakihamishia ndani, nikaziba matundu ya skrubu kwa unga wa mbao na gundi. Nilifanya kazi safi. Nikafagia maranda, nikaufunika shuka tayari kwa Jumatatu, nikaenda nyumbani napiga mluzi. Wifi yako akaniuliza nimekula nini.

Jumatatu tulikuwa wote kwa Mama. Mkaguzi na kalamu yake, Mkuu na tai yake, darasa zima limevaa makoti yaliyofuliwa. Mama amekaa kitini uani kama mgeni rasmi. Wanafunzi wakauleta mlango ukiwa umefunikwa shuka, wakaufunga bawaba, Msusi akausukuma.

Juu palibaki nafasi ya kupitisha ngumi. Chini ulisaga sakafu. Ukasimama katikati, haurudi wala hauendi.

Mkaguzi akauliza nani alipima. Msusi akasema wamepima wote. Akaenda kwenye mkokoteni, akaleta fremu ya fito walizozifunga kwa kamba siku ile waliyoshinda kwa Mama, umbo la uwazi wa mlango kama ulivyo. Akaiweka kwenye uwazi: ikakaa kama mkono kwenye glavu. Akaiweka juu ya mlango: fito zikatokeza kona mbili.

Kumbe, dada, fremu ya mlango wa Mama imelala upande. Ukuta wote umelala, taratibu, tangu enzi za Baba, na fremu imeufuata, na sasa ndiyo inayoushikilia. Ukiing'oa, ukuta unashuka. Watoto wale waliliona siku ya kwanza kwa timazi. Wakaamua hawawezi kunyoosha nyumba, basi watapindisha mlango uifuate. Mimi nimepita pale tangu sijui kutembea, fundi seremala, na sikuwahi kuona. Nani anapima mlango wa mama yake? Miaka yote niliuona mlango una kosa, nikauranda. Wewe uliandika kwamba nguo ikibana unamwangalia na mteja. Nilisoma, nikacheka, nikapita.

Na siku ile waliyotoka kupima nilikuwa na haki ya kuwauliza swali lolote duniani. Niliwauliza "mmepima?" Sikuwauliza "mmeona nini?"

Msusi akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango. Randa langu lina pengo dogo kwenye wembe, linaacha mstari mwembamba kama ukucha. Kila aliyesoma kwangu anaujua mstari ule. Akasimama, akanitazama. Hakunitaja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwezeshaji, una swali?"

Ameniachia mlango wazi, unaona. Na mimi, dada, nilitazama paa. Hapa ndipo napaonea aibu kuliko kote. Kunyoosha mlango ilikuwa ujinga, lakini kutazama paa nilikuwa na akili zangu timamu. Mkaguzi akaanza kuandika. Akasema kwa upole kwamba kazi ni nzuri lakini haikukidhi, na darasa litalazimika kurudia. Nikasikia mtu nyuma yangu anavuta kamasi. Bado natazama paa.

Mama ndiye aliyesema. "Chuma cha kufuli kiko wapi? Niliwaambia nje."

Hapo nikamwambia mkaguzi aache kuandika. Nikasema mlango niliunyoosha mimi, chuma nimekihamisha mimi, watoto hawana kosa.

"Kwa nini?" Mama akauliza.

"Nilidhani wamekosea."

"Uliwauliza?"

"Sikuwauliza, Mama."

"Na mimi?"

Mama akageukia watoto, akamwambia Msusi anieleze. Msusi akaeleza kwamba siku ya kumhoji, swali lao la kwanza lilikuwa: unataka mlango wa kukufanyia nini? Na Mama aliwajibu kwamba anataka mlango anaoweza kuufunga akiwa nje.

Ule wa zamani hufungwa kwa ndani tu, kwa gogo. Ukingo wake umeoza, haushiki skrubu wala kufuli. Akitoka, lazima mtu abaki, au fundi viatu akodoe macho. Miaka yote hii hajalala nje ya nyumba ile usiku mmoja, na sisi tulidhani ameipenda kupita kiasi. Wewe ulimwuliza atakuja lini, akakujibu nyumba nitamwachia nani, ukaona ni udhuru. Mimi nilisikia jibu lile lile nikaona ni ushahidi wangu. Lilikuwa jibu tu.

Nilimwuliza kwa nini hakutwambia. Akasema, "Dada yako anasema hama, wewe unasema kaa. Hakuna aliyeniacha nimalize sentensi. Wale watoto walikaa chini wakaniuliza, wakanyamaza." Na kuhusu kile kicheko, nilikuwa sahihi, zilisimuliwa habari zangu. Ni Mama aliyekuwa akiwasimulia.

Mkaguzi alifuta alichoandika. Aliwapa wiki moja. Wakaunga vipande vya mbao juu, wakakata chini kufuata fito, wakarudisha chuma nje, na mimi nikashika taa na kunyamaza. Wamefaulu wote. Mkaguzi akaandika pia kwamba mwezeshaji arudie semina. Mkuu amefurahi sana, anasema tutakwenda pamoja.

Kwa hiyo ile barua yangu fupi niliiandika wakati mlango ukiwa umerudi karakana na Mama amepigilia pazia mlangoni. Ndiyo maana ya "kwa kiasi."

Sasa la safari. Mama amesema nikuandikie maneno yake bila kuyaranda. Anakuja, uje umchukue Juni hiyo hiyo. Haji kuhamia, anakuja kukaa. Akikuchoka atarudi huku, akinichoka atarudi kwako, na tusigombane kwa sababu atatuchoka wote kwa zamu. Pazia la maua makubwa usilitupe, analitaka lile.

Jumamosi nilipita kumsalimu nikamkuta mlangoni, amevaa viatu vya kutokea. Akauvuta mlango, ukaja kwa kidole. Akatia kufuli, akaivuta mara moja, akaweka ufunguo kifuani. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema hajui, anakwenda tu. Nikataka kumsindikiza, akanikataza.

Nikabaki nimesimama uani. Alipita kwa fundi viatu, akamsalimu bila kusimama, akafika njia panda. Unajua Mama anavyotembea, dada, kila hatua chache anageuka kuitazama nyumba, mpaka sisi tulipokuwa wadogo tulidhani ni ugonjwa wa shingo. Nilisubiri ageuke. Akakata kona, akaenda zake.

Nduguyo, anayejifunza kuuliza